Mwanajuri wa Akiba

Jumanne, 1 Oktoba 2019

Nimechaguliwa! Miaka ishirini na sita naandika habari za mahakama hapa Connecticut. Nimeitwa juri, kuwa mmoja wa raia wanaoamua kesi, mara tano, na mara tano nimerudishwa nyumbani kabla ya chakula cha mchana. Mawakili hawamtaki mwandishi wa habari. Leo wakili wa utetezi aliniuliza kama naweza kusikiliza siku nyingi bila kuuliza swali. Nikamwambia nimesikiliza vikao vya halmashauri kuhusu mitaro tangu 1993 na bado sijamrushia mtu kiti. Akacheka. Mwendesha mashtaka naye akacheka. Hakuna aliyenikataa.

Ila kuna hili: wanajuri ni sita, na mimi ni wa akiba, namba moja. Nitasikiliza kesi yote. Siku ya kuamua, kama wote sita ni wazima, naambiwa asante, nenda nyumbani. Sawa. Benchi ni benchi, lakini jezi nimevaa!

Nimeshuka ngazi za mahakama nikicheka peke yangu. Mzee mmoja akaniuliza kama nimeachiwa huru.

Jumatano, 2 Oktoba

Hollis, mhariri wangu, hakucheka. Uchaguzi wa meya ni tarehe tano Novemba, na mimi ndiye ninayejua nani hasemezani na nani.

— Lorna, waambie unaumwa mgongo.
— Mgongo wangu mzima, bosi.
— Basi waambie unaumwa na mimi!

Nikamfungulia mkataba wa chama chetu cha wafanyakazi, ukurasa wa kumi na tisa. Anayeitwa juri hupewa ruhusa na mshahara kamili mpaka kesi iishe, na likizo yake ya mwaka haiguswi. Hollis akausoma mara mbili akitafuta mwanya. Mwanya hakuna. Nilikuwa kwenye kamati iliyouandika.

Jumatatu, 7 Oktoba

Kesi yenyewe siiandiki humu. Jaji ametukataza kuizungumzia, na najua alichomaanisha. Duka la aiskrimu liliungua, mwenye duka anashtakiwa kulichoma. Basi. Hayo yako hata gazetini — ambalo jaji ameniamuru nisilisome! Nimengoja miaka ishirini na sita mtu aniamuru hivyo.

Wametupa madaftari na penseli. Jioni askari wa mahakama anayakusanya na kuyafungia kabatini. Nimetoka mikono mitupu, sina cha kuwahisha, hakuna anayenipigia simu. Nimenunua donati mbili. Nimekula zote mbili nimesimama.

Jumatano, 9 Oktoba

Kiti cha sita, mbele yangu hasa, ni cha Anselmo Teixeira, fundi wa paa, miaka thelathini na nne. Ananiita Mama Gazeti. Mtaalamu wa moto alipoeleza lami ya paa, sisi wengine tulikunja nyuso. Anselmo alisogea mbele kwenye kiti na vidole vyake vikaanza kufanya kazi hewani.

Mchana tulikuwa mezani, mimi, yeye na Bi Edith, mwalimu mstaafu wa kiti cha tano.

— Mama Gazeti, hao wenzako wanakulipa mpaka lini?
— Mpaka mwisho.
— Mwisho upi?
— Wa kesi.

Akaacha kutafuna.

— Mna nafasi huko? Naweza kujifunza kuandika uongo.
— Nafasi za uongo zimejaa. Jaribu michezo.

Bi Edith alicheka mpaka chai ikamtoka puani.

Anselmo hakucheka sana. Bosi wake anamlipa siku tano za kwanza, kama sheria ya Connecticut inavyotaka. Ukihesabu na siku ya kuchaguliwa, kesho ni ya tano. Kuanzia Ijumaa serikali itampa dola hamsini kwa siku. Juu ya paa anapata zaidi ya mara nne ya hizo.

Ijumaa, 11 Oktoba

Anselmo amesinzia kwenye kiti chake cha juri. Mara mbili. Bi Edith alimgusa na kiwiko.

Kwenye korido akaniambia. Jana saa kumi na moja na dakika kumi bosi alimpigia simu: ukitoka mahakamani njoo kazini, Jumamosi njoo, Jumapili njoo, na usipokuja usirudi tena. Jana akaenda. Leo anaenda. Anataka kumwomba jaji amtoe kwenye juri.

Akitoka yeye, naingia mimi. Nimeiandika ili niione ikiwa imeandikwa. Akitoka yeye, naingia mimi! Nimekaanga mayai manne nikiimba.

Jumatatu, 14 Oktoba

Sikukuu. Mahakama imefungwa.

Kuna kitu nakijua, Anselmo hakijui. Mwaka 2008 niliandika habari ya mama mmoja wa kiwanda cha vifungo aliyefukuzwa kwa sababu ya juri. Sheria inasema saa nane za mahakamani ni siku nzima ya kazi. Bosi hawezi kudai nyingine juu yake. Sisi tunaingia saa mbili na nusu asubuhi, tunatoka saa kumi na moja. Na kumtishia mwanajuri kazi yake ni kosa. Jaji akisikia tisho kama hilo, hamtoi fundi. Anamwita bosi.

Hakuna aliyeniuliza. Mwandishi hana wajibu wa kujibu swali asiloulizwa. Si kweli, lakini inasikika vizuri.

Nimesafisha jokofu lote. Hata droo ya mboga.

Jumanne, 15 Oktoba

Ushahidi umekwisha. Kesho mawakili wanahitimisha, halafu sita wanafungiwa chumbani kuamua.

Mapumziko ya saa tisa Anselmo akanivuta pembeni, na kikaratasi. “Mheshimiwa Jaji, naomba kutoka, kazi ni nyingi.”

— Wewe ndiye mwandishi. Ninyooshee.

Ningeongeza maneno mawili tu kuhusu hali ya kifedha, jaji angemtoa kabla chai haijapoa. Penseli nilikuwa nayo mkononi. Nikachukua karatasi mpya, na mdomo ukaanza wenyewe, kama siku zote: Nani alisema? Lini? Kwa maneno gani? Akajibu, nikaandika. Mistari sita. Kivumishi hata kimoja hakuna.

Akaisoma.

— Hii si ya kutoka. Hii ni ya kushtaki!
— Ni uliyoniambia. Kuna neno la uongo?
— Hakuna.

Nikamweleza sheria, pamoja na namba ya kifungu.

— Umejua tangu lini?
— Tangu 2008.
— Nauliza, umejua lini kwamba mimi sijui?
— Ijumaa.

Alikikunja kikaratasi chake akakitia mfukoni. Halafu akapiga kelele za kicheko mpaka askari akageuka.

— Mama Gazeti wewe! Unakitaka kiti changu!
— Nakitaka sana. Karatasi yako bado iko mfukoni mwako. Peleka unayoitaka.

Akageukia dirisha akaziweka zote mbili kwenye kioo. Sikuona alitia saini ipi. Akampa askari moja, akarudi ameshika koti begani.

Nimeendesha gari mpaka nyumbani redio ikiwa juu. Nina furaha ya kipumbavu kabisa. Sijui ni ya nini.

Jumatano, 16 Oktoba, saa nne asubuhi

Naandika kwenye benchi la korido. Haraka. Kesi imesimama! Jaji amemwita Anselmo peke yake ofisini. Wengine wako chumbani na Bi Edith. Mimi nimetolewa nje: jaji aliuliza mwandiko ule ni wa nani, nikanyoosha mkono. Miaka ishirini na sita nawahoji watu, leo nangoja zamu yangu ya kuhojiwa.

Basi amepeleka ile ndefu.

Upande wa pili wa benchi ameketi mwanamume mnene, buti zina lami, kofia gotini. Anasema ameitwa saa moja asubuhi. Hajui mimi ni nani.

— Mama, nawe umeitwa kwa ajili ya yule fundi?
— Ndiyo.
— Nina wafanyakazi wanne tu. Paa la kanisa liko wazi na kesho mvua. Mimi si mtu mbaya.

Akaigeuza kofia yake gotini.

— Si wana mtu wa akiba hawa?
— Wanaye.
— Basi wamweke huyo, wanipe fundi wangu! Huyo wa akiba yuko wapi? Hataki?
— Anataka mno.
— Sasa anangoja nini?

Mlango umefunguliwa. Askari ametutazama sote wawili, na anatafuta jina kwenye karatasi.