Uzi Uliozungushwa Kinyume

Bellevue, Johannesburg

Mama Wambui,

Pokea salamu zangu, wewe na wote walio chini ya paa letu. Mguu wa mama unaendeleaje? Wambui ameacha kukohoa? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio ulikuwa mgonjwa, na ndiyo maana wiki mbili hizi sijapokea simu zako. Ningepokea ningekutukana, kwa hiyo nikaona heri kalamu.

Huku baridi inaisha na wavuvi wa trauti wameanza kujazana dukani. Mwanzo wa msimu maji ya mabwawa bado yanauma vidole, samaki wamelala chini na hawali kitu ila viluwiluwi vya visubi. Basi kila mtu anataka kisubi cha uzi, chambo kinachofungwa juu ya ndoano, kidogo kuliko punje ya mchele: chekundu cha kuzamisha mpaka topeni, cheusi cha kupandisha polepole. Vingine nafunga mimi hapa kwenye meza ya nyuma, vingine vinatoka huko kwenu karakanani. Jumatatu ile bosi akanipa boksi nilipange. Vyako nilivijua kabla sijasoma namba yako kwenye pakiti, maana ni wewe peke yako unayefunga kichwa kidogo hivyo. Nikafurahi. Kisha nikavitazama kwa lenzi, nikaona waya unaozungushwa juu ya uzi umelalia upande mwingine. Vyote.

Wewe unajua na mimi najua ni nani karakanani anayezungusha hivyo. Ni Muchiri, kwa kuwa anatumia mkono wa kushoto. Muchiri aliyekuwa akikuletea mandazi kabla sijakuoa, na ambaye sasa kiti chake kimegusana na chako. Nikajiambia dalili ya mvua ni mawingu. Mkono haugeuki hivi hivi, mkono huu umeshikwa. Akilini nilikiona kidole chake juu ya kidole chako. Sikufichi, niliona wivu mpaka ugali ukawa mchanga mdomoni. Na kana kwamba hayo hayatoshi, mzee mmoja mteja akaviacha vyangu, akachukua vyako kumi na viwili, na Jumamosi akarudi na picha za samaki. "Aliyefunga hivi ana mkono," akasema. Nikamjibu ni mke wangu, na sauti yangu haikuwa ya mtu anayejivuna.

Jana Papa Deo, fundi cherehani Mkongo wa chumba cha pili, alivuta kiti akakaa ng'ambo ya meza kunitazama nikifunga. Nilipomaliza kimoja akataka kujaribu. Nikamgeuzia jiriwa, nikambania ndoano, akaanza kuzungusha uzi kuelekea kifuani kwake.

"Sivyo," nikamwambia. "Unazungusha kinyume."

"Kaka, mi niko nafanya sawa vile nimekuona. We ulikuwa mbele yangu, haukuwa kando."

Niliikumbuka simu uliyoiegemeza kwenye kopo la sukari, Jumapili zile zote nilizokufundisha kwa video baada ya kukuachia kiti changu karakanani. Ulifanya ulichokiona. Na mimi, kwenye kioo kile kidogo cha simu, nilikuwa nikitazama uso wako, wala sikutazama vidole. Aliyekugeuza mkono ni mimi.

Nisamehe. Lakini usidhani wivu umeisha. Muchiri hana kosa na bado namwonea wivu, kwa sababu yeye anakusikia ukipiga chafya kila siku, na mimi napata pakiti. Mkono usiubadilishe, samaki wameshaamua.

Msalimie mama, umwambie asiache kuukanda mguu. Msalimie kaka Githinji, niliyemtuma aje kukupeleleza akakataa. Mwambie ana akili kunishinda. Mbusu Wambui. Hata Muchiri msalimie, kwa ufupi.

Desemba nikija, usiniwekee kiti mbele yako. Nitakaa upande wako wa meza.

Ni mimi wako,
Baba Wambui