Kumchora Lucien

Jumatatu, 12 Septemba 1977

Nimepata kazi! Miaka yote hii nimechora inzi kwenye mabango ya afya na safina ya Nuhu kwenye katekisimu. Sasa nitachora vita.

Ofisini kwa citoyen Stanislas (siku hizi hakuna bwana, wote ni citoyen) wanatengeneza filamu: miaka kumi tangu mamluki wafukuzwe Bukavu. Picha za kweli hakuna — wenye kamera ndio waliotangulia kukimbilia Rwanda. Kwa hiyo askari wa zamani watasimulia wanayokumbuka, sauti itarekodiwa, mimi nitachora. Kila hatua ya mguu karatasi yake. Stanislas atazipiga picha moja moja mpaka watu watembee. Nikamwuliza sekunde moja inakula karatasi ngapi. Kumi na mbili. Nilidhani ananitania.

Kaka yangu Gérard, askari wa zamani, amekwisha jiandikisha kusimulia. Angekosaje! Anakaa kwangu hapa Cimpunda, na vita hivyo ndivyo vinavyomnywesha pombe. Hakuna baa Kadutu isiyojua jinsi rafiki yake Lucien alivyokufa kwenye daraja la mto Ruzizi, mpakani, bendera mkononi, na Gérard amemshika kichwa. Godelive, mjane wa Lucien, ni jirani yetu. Kila Jumapili humletea Gérard sahani ya maharage na sombe ya majani ya mihogo, kwa sababu ndiye aliyemwona mume wake mwisho. Anaiacha mlangoni, imefunikwa kitambaa safi.

Jumatano, 21 Septemba

Tumerekodi askari tisa. Wote tisa walikuwa wa kwanza kuvuka daraja! Nikamwambia Stanislas daraja lenyewe halina upana huo. Akafikiri sana, kama mtu mwenye cheo anavyofikiri, akasema niwachore wamepangana mstari mmoja.

Amesema pia mamluki wawe wanene. Mvua isiwepo, inakula karatasi. Lakini wote wanasema mvua ilinyesha! Ni kitu kimoja tu wanachokubaliana, nacho kimefutwa.

Jumanne, 4 Oktoba

Komiti ya chama inayosimamia filamu imeleta masahihisho. Bendera iwe ya kijani, yenye mwenge. Nikasema kwa adabu kwamba mwaka ule bendera hiyo ilikuwa haijazaliwa, na nchi yenyewe ilikuwa bado Kongo. Stanislas akanitazama kama niliyetukana kanisani. Nimechora ya kijani.

Halafu majina. Filamu haiwezi kuwa na majina ya kizungu. Mimi kazini ni citoyenne Nabintu. Virginie nimebaki humu daftarini tu na jikoni, na Stanislas naye ni Stanislas humu tu. Sawa, sisi tulio hai tumezoea. Lakini Lucien alikufa akiitwa Lucien! Wakamwita Godelive ofisini amchagulie marehemu jina la asili. Aliketi, mkoba magotini, akawasikiliza mpaka mwisho.

"Mutu mwenye alisha kufa," akawauliza, "ataitika jina mupya namna gani?"

Wameandika: litajazwa baadaye. Nilitaka kucheka, nikamwona macho, nikaacha. Tulipokuwa tunashuka njiani aliniambia hajali jina. Anataka kuona jinsi alivyokufa, basi. Lucien kaburi hana. Siku ya filamu atakaa mbele kabisa.

Jumapili, 16 Oktoba

Nimeanza kuchora kifo cha Lucien. Ulimi hauna mfupa, mtu anasema tu "akaanguka". Penseli inauliza. Alianguka upande gani? Mkono upi ulikuwa na bunduki, kama bendera iko mkononi? Wewe, Gérard, ulimshika kichwa ukiwa umepiga magoti au umekaa?

Gérard alikuwa anakula maharage ya Godelive. Mara ya kwanza mkono wa kulia, mara ya pili wa kushoto. Mara Lucien alisema maneno ya mwisho, mara risasi ilimpiga mdomoni. Nilikuwa namchokoza tu, kama kawaida yetu. Nikafika chini ya karatasi, nikauliza: na miguuni, alivaa nini?

Akaweka kijiko chini. Akatoka. Sahani imebaki nusu, na Gérard haachi maharage.

Jumatatu, 17 Oktoba

Amenieleza. Sijui niandike vipi. Nitaandika kama alivyosema.

Darajani hawakufika, si yeye wala Lucien. Walikuwa katika shamba la mihogo, juu ya mto, mvua inapiga. Lucien alipigwa kwenye nyonga, hawezi kusimama. Wengine wamekwisha kimbia. Viatu vya Gérard vilikuwa vimefunguka soli, anateleza kwenye matope. Akamvua Lucien vyake. Akamwambia anakwenda kuita watu wambebe.

"Ulirudi?" nikamwuliza.

"Hapana."

"Alikuwa amekufa?"

"Alikuwa anapumua. Alinisaidia kufungua kamba ya viatu, Virginie. Aliamini kama nitarudia kumuchukua."

Huyu ndiye kaka yangu. Alinibeba mgongoni kwenda shule. Nimemchukia mchana kutwa, na jioni nimempa chakula, kwa sababu nifanye nini?

Ijumaa, 28 Oktoba

Nimechora kama ilivyokuwa. Mihogo, mvua, mtu ameketi kwenye matope, miguu mitupu. Nimechora vizuri kuliko nilivyowahi kuchora kitu chochote, Mungu anisamehe kujisifu hapo.

Stanislas amekuja kuona. Uso wa Lucien umempendeza. Mihogo haikumpendeza — niweke daraja. Mvua itoke. Bendera iingie. Na miguu! Amesema askari wa Zaïre hafi pekupeku, mbele ya wageni, mbele ya gouverneur wa mkoa. Karatasi zote zivishwe viatu, Alhamisi atapitia kuzichukua azipige picha usiku uleule, Jumamosi ndiyo filamu.

Nimemwambia Gérard: Godelive hataambiwa uongo huu na mkono wangu akiwa amekaa kiti cha mbele. Una mpaka Alhamisi. Umwambie wewe, la sivyo namwambia mimi. Akasema sawa. Ni sawa ya mtu anayetaka uondoke tu.

Alhamisi, 3 Novemba

Naandika nikiwa nimekaa kwenye ngazi, nje ya chumba cha kuchorea.

Asubuhi Gérard hakuwa amesema kitu. Alikuja kunisaidia kupanga karatasi! Nami, mwoga mwenzake, nilikuwa nimeanza kuvisha viatu. Godelive akaingia bila kuitwa. Alitaka kuuona uso wa mumewe kwanza peke yake, asije akalia mbele ya watu wakubwa. Nikampa karatasi za juu. Akamtambua, akatabasamu — njo yeye, akasema, njo sikio yake ile. Kisha akafunua nyingine, na nyingine. Zingine zina viatu, zingine hazina. Akaniuliza zipi ni za kweli.

Nilimtazama Gérard.

"Ile asubui alienda vita, nilipakaa ile viatu cirage ya kungarisha mi mwenyewe," Godelive akasema. Hakupaza sauti. "Gérard. Weye ulirudia na viatu ya nani?"

Gérard akaniomba nitoke.

Nimekaa hapa muda mrefu. Kwanza nilisikia sauti ya Gérard, ndefu, inakatika. Sasa gari la Stanislas linapanda mlima, namwona kupitia kioo, na bendera ndogo mbele. Daraja halijamalizika. Viatu havijamalizika. Nitamwambia nini?

Mlango umefunguka. Godelive. Macho makavu. Nyuma yake Gérard amekaa chini sakafuni, kichwa kati ya magoti.

"Virginie," ameniambia, "usimuvalishe viatu. Na uchore na ule mwenye alizivaa akakimbia."

Karatasi nyeupe zipo, pakiti nzima. Stanislas anapiga honi, niteremshe kazi.