Meli Yako Ilipopotea kwenye Ramani

S.L.P. 218,
Kitengela.

Jumapili, 9 Machi 2025

Mpendwa ndugu yangu Kuntai,

Sopa, mdogo wangu. Uko salama? Kile kifua chako kiko aje siku hizi, na wenzako unaokula nao huko melini ni wazima? Sisi tuko wazima, Enkai ametutunza. Mvua imeanza kurusha matone huku kwetu, na mimi nimenenepa, kwa hivyo ukiniona usijifanye umeshtuka.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu Opiyo, yule mwenzako aliyekuja likizo, amepita hapa dukani na kuniambia anapanda ndege Alhamisi kuja kuwapata hapo Durban. Ameahidi kukupa barua hii mkononi. Kwa simu wewe hukatika nikifika tu kwa yale ya maana, na haya nataka uyasome yote, polepole, mpaka mwisho.

Baba bado anakaa na mimi. Tangu afanyiwe upasuaji wa macho mwaka jana hajataka kurudi kuishi Mashuuru. Anasema daktari amemkataza vumbi, lakini mimi najua ni simu. Si ulinitumia ile ramani ya kuonyesha meli ziko wapi? Nilimwonyesha siku moja tu, ili aache kuniuliza uliko, na nikajiletea balaa. Sasa kila asubuhi, kabla sijafungua duka langu la dawa za mifugo, lazima nimtafutie meli yenu Marilena na kumwekea simu mezani. Halafu anachovya nyasi kwenye maziwa na kuirushia simu matone, akikuombea jinsi alivyokuwa akiwaombea ng'ombe wakihama, na sisi tunajibu "Naai". Simu yangu inanuka maziwa mpaka wateja wanauliza.

Sasa nikuambie aibu yetu, ucheke. Miezi mitano tumekuwa tukiombea meli isiyo yako! Baba ndiye aliyeanza kushuku. Alisema hii meli inaenda na kurudi, inaenda na kurudi, kama ndama aliyefungwa kamba, kwani huyu mtoto anafanya kazi gani? Nikaipeleka simu kwa Mbugua, fundi wa simu hapa mtaani. Alicheka mpaka akaweka bisibisi chini. Kumbe meli mbili zinaweza kuwa na jina moja, na kinachozitofautisha ni namba. Ile yetu ilikuwa feri ya Ugiriki, inavusha watu na magari kutoka kisiwa hadi kisiwa. Mbugua akatutafutia yenu kwa namba iliyo kwenye barua yako ya kazi. Unafikiri baba aliiacha ile ya Wagiriki? Wapi! Alisema huwezi kumbariki mtu miezi mitano halafu umkatize ati hukuwa unamjua. Kwa hivyo sasa maziwa ni ya meli mbili.

Ndege pia anazijua, zile zinazopita juu yetu zikienda kutua Embakasi. Anakaa uani na kuzitambua kwa rangi ya mkia, hii ya Addis Ababa, hii ya Dubai, kisha ananituma niangalie kwenye simu kama amepata. Mara nyingi anapata, na siku hiyo hatunyamazi. Treni ndizo zimemkasirisha. Anaisikia honi kwa masikio yake mwenyewe, lakini kwenye ramani hakuna kitu. Anasema hao watu wa ramani ni wavivu.

Wacha nifike kwa jambo lenyewe. Shamba la Mashuuru linagawanywa. Tarehe 18 Februari, siku ya Jumanne, tulikutana kule nyumbani ukoo wote, sorveya yuko na vyombo vyake, na baba akatamka kila mtoto na upande wake. Wewe alikupa ekari kumi na mbili za upande wa kisima. Hapo ndipo baba mdogo Kasaine akasimama. Hakutukana, nisimsingizie. Alisema mtu asiyejulikana alipo hawezi kupimiwa ardhi. Kwamba wewe ulipotelea majini miaka mitatu iliyopita, hujakanyaga nyumbani tangu hapo, na sehemu yako apewe ndugu yetu Koinet ambaye ndiye anachunga. Wengi waliitikia kwa kichwa. Koinet mwenyewe alinyamaza. Iliniuma, lakini usimchukie, ako na watoto sita.

Baba akatoa simu yangu kwenye koti lake awaonyeshe ulipo. Kuntai, hukuwako. Marilena ilikuwa imetoka Singapore siku sita kabla, na bahari yote ilikuwa tupu. Kasaine aliangalia, akamrudishia simu.

Sababu niliijua. Mbugua alikuwa ametueleza kwamba meli ikienda mbali sana na nchi kavu, hii ramani ya bure haiioni. Lakini kujua ni kitu kimoja, na kuona pale patupu mbele ya watu ni kitu kingine. Niliogopa. Nilienda nyuma ya nyumba nikalia, nikisema Enkai, usinifanyie hivyo. Baba yeye hakuyumba. Alisema ng'ombe akishuka bondeni humwoni, na hakuna anayekimbia kunoa kisu cha kumchuna. Akamwambia sorveya akunje vyombo vyake, kwamba hakuna kigingi kitakachoingia ardhini mpaka meli itokee.

Na kwa vile mtandao kule ni wa shida, na miguu ya baba si ile ya zamani, simu akampa nani? Kasaine! Akamwambia wewe ndiye umesema hajulikani alipo, basi mtafute. Mara mbili kwa siku mzee wa watu alikuwa anapanda kilima cha nyuma ya kanisa na fimbo yake, akitafuta mtandao. Siku ya kwanza alipanda akinung'unika. Siku ya pili aliniuliza jina la meli linaandikwa vipi. Siku ya tatu aliteremka, akakataa chakula.

Jumamosi asubuhi, saa nne hivi, tukasikia mtu anapiga kelele huko juu. Nilidhani ameumwa na nyoka. Alikuwa anateremka mbio, kofia imeanguka, akisema yuko, yuko, ametokea karibu na Mauritius! Alilia, Kuntai. Kasaine alilia mbele yetu sote na hakuficha uso. Na Jumatatu sorveya aliporudi, yeye ndiye aliyeshika nyundo akapigilia vigingi vyako vyote vinne.

Vigingi vipo, lakini karatasi bado. Ofisi ya ardhi Kajiado inakutaka wewe mwenyewe, na kitambulisho chako, utie sahihi kabla ya mwezi wa nane kuisha. Hakuna wa kukutilia. Najua una mkataba, na najua nahodha si mjomba wako. Lakini baba amekusimamia mbele ya ukoo wake wote, na ana miaka themanini na moja. Mwombe nahodha. Akikataa, mwombe tena. Tafadhali, ndugu yangu.

Koinet na mkewe Kakenya wanakusalimu. Mbugua pia. Kasaine amewekewa ramani kwenye simu yake, na anauliza mbona mmesimama nje ya Durban wiki nzima, kuna mgonjwa? Majani ya chai aliyobeba Opiyo ni yako peke yako, usigawe.

Jambo la mwisho. Pale chini ya jina la meli huwa wameandika inakoenda. Baba hajui kusoma, kwa hivyo kila asubuhi ananiuliza leo wameandika wapi. Nimemsomea Singapore. Nimemsomea Durban. Nimemsomea miji ya Uchina nisiyoweza hata kuitamka. Yeye hujibu "haya" tu. Sijawahi kumsomea Mombasa. Kuntai, nataka kumsomea Mombasa.

Enkai akutangulie majini, akufuate nyuma, akufikishe kwetu.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikikugombeza,

Dinah