Ngemi Tano za Wangare

Sue, nimetoka Subukia saa hii na bado siamini.

Unajua vile Wangare ameacha pombe mwaka mzima akitafuta mtoto. Leo kwa ruracio ya dadake, mahari ikiletwa, shangazi akamletea kikombe cha pombe ya muratina. "Onja kidogo tu, kidogo haidhuru."

"Hata kidogo sigusi, tata."

Wueh! Shangazi akaruka juu: "Ana mimba!" Wamama wakapiga vigelegele, ngemi tano, za mtoto wa kiume. TANO, Sue.

Na asubuhi ni mimi nilimpelekea pedi kwa choo, akilia.

Bwanake, Jamleck, hakuwa ameambiwa kuhusu hiyo pedi. Akasimama akicheka na machozi yakimtoka.

Wangare akachukua kile kikombe, akakunywa yote akimwangalia.

Jamleck akaketi polepole.