Anaiba au Anaruka?

Jumapili, Kamina. Mvua haijakatika tangu tutoke misa, umeme umekwenda, na watoto hawana televisheni. Wamejazana barazani wakibishana nani ana nguvu zaidi, yule anayepasua kuta kwa ngumi au yule anayesimamisha saa. Mjomba wao Kabamba, mdogo wangu, yuko katikati yao, na sauti yake inazidi zote.

Mimi nachambua sombe, majani ya muhogo, jikoni, lakini roho yangu iko nyuma ya stesheni, kwenye mataruma ya zamani ya reli tulipokuwa tukikaa kabla vita haijafika.

Tulikuwa na kitabu kimoja tu cha katuni. Bedé, ndivyo tulivyokiita. Kilikuwa cha rafiki yangu Zaina, binti wa muuza vitambaa mwenye asili ya Maniema, huko mashariki. Jalada lilikuwa limechanika, na kurasa za mwisho hazikuwepo, kwa hiyo hatukujua jina la shujaa wala alivyoishia. Tulikuwa na picha moja ya kutugombanisha. Mwanaume mwenye kitambaa usoni yuko juu ya mapaa, amembeba mtoto kifuani, na chini mwanamke anamnyooshea kidole akipiga kelele: « Il vole ! »

Sasa, Kifaransa chetu. Shuleni tulilijua vizuri neno « voleur », mwizi, maana mwalimu alilitamka kila chaki ilipopotea. Basi nikasema wazi: huyu mwanamke analalamika, mtu anamwibia mtoto. Zaina akasema hapana, ni neno lilelile, ila hapa maana yake anaruka kama ndege.

"Haiko mwizi," alisema. "Angalia mutoto, anacheka."

"Mutoto mudogo anachekaka na kila muntu. Weye unamutetea juu bedé iko yako."

Kiangazi kizima tuliendelea hivyo. Nilimuuliza, mtu mwema anaficha uso wa nini? Akajibu, ili watu wasimsumbue kwa asante. Nikamuuliza kwa nini habebi mji mzima. Akajibu, ana mikono miwili tu. Nilimpenda kwa majibu yale, hata yaliponikera.

Mvua zikaja, na vita nayo ikatufikia. Siku askari waliokuwa wakikimbia waliposhuka kwenye gari-moshi na kuanza kuvunja maduka, mama na mimi tulikuwa sokoni. Kabamba, ambaye alikuwa hajajua hata kusema vizuri, tulikuwa tumemwacha kwa jirani. Tulikimbia hadi nyumbani huku risasi zinalia. Mlango wetu ulikuwa umevunjwa, na kwa jirani hapakuwa na mtoto.

Jirani alitoka alikojificha nyuma ya choo.

"Mama Mwadi, ule binti wa Maniema anakamata mutoto, anakimbia naye. Anakuibia mutoto!"

Mama alikaa chini kwenye tope. Miezi ile watu walikuwa wanawasema vibaya wote wenye asili ya mashariki, kwamba wao ndio wanaleta vita. Walionunua vitambaa kwa baba yake Zaina hawakumsalimia tena. Habari kama hiyo haikuhitaji ushahidi.

Nikasikia mdomo wangu unasema:

"Mama, haibi. Anaruka."

Mama alinitazama kama nimerukwa na akili. Lakini aliinuka, akanishika mkono, tukavuka reli kuelekea mashambani, walikokuwa wakikimbilia watu.

Tuliwakuta kesho yake kwa wakulima waliokuwa wakimuuzia baba yake Zaina mahindi. Kabamba alikuwa anakula muhogo. Zaina alikuwa amepoteza viatu, na miguu yake imechanika vibaya. Mama alipiga magoti, akaishika ile miguu, akalia. Zaina aliona haya, akanigeukia mimi.

"Sasa? Iko mwizi?"

Nilimwambia tungojee kurasa za mwisho. Alicheka mpaka akakaa chini.

Baadaye alinieleza kwamba njiani Kabamba alilia sana, naye Zaina akaogopa askari watawasikia. Akamwambia, "Funga macho, tunaruka." Mtoto akanyamaza, akafumba macho hadi mashambani.

Huko barazani wamefika pale wanapofikaga kila Jumapili. Mtoto wangu mkubwa anasema mtu hawezi kuruka, ni mambo ya kutunga tu. Na Kabamba, mtu mzima mwenye ndevu na karakana ya kuchomelea vyuma, anamjibu bila hata kutabasamu:

"Minyi nilisha kuruka. Mulizeni mama yenu."

Wote wananigeukia. Naweka sombe pembeni, nawaambia ni kweli, na aliyemrusha yuko Kindu, kule Maniema, anauza vitambaa.

Kesho mtandao ukirudi nitampigia. Kwa ubishi wangu sijawahi kulitamka neno hili hadi leo. Zaina, ulishinda. Haiko mwizi.