Mfumo Mpya Usubiri Mtihani Wangu

Profesa wangu,

Chakula kiko jikoni, nimekifunika. Kipashe moto, mle na dada yako. Anueni nguo mvua ikitanda. Kompyuta msiiguse ~~hata kidogo~~ ila kwa kazi ya shule.

Najua uliniona nimenuna wakati wa chai. Uliposema, "Mama, mwanafunzi gani siku hizi anatumia mfumo wa kompyuta wa zamani? Lipia mpya, utachekwa chuoni," nilikuwa karibu kufungua pochi. Nimerudi darasani na mvi zangu, kwa hiyo kuchekwa nakuogopa kweli. Ndipo dada yako akacheka mpaka chai ikampalia: "Mama, ni mchezo wake wa mpira wa kwenye kompyuta ndio unaoukataa huo mfumo wa zamani."

Iliniuma kwamba ulinizunguka. Lakini mlipoondoka nilijikuta nacheka peke yangu, sahani mkononi.

Nimepiga simu chuoni. Kumbe mwanafunzi halipi kitu, wanatupatia mfumo mpya bure. Ungeniambia ukweli tungeuliza zamani.

Hata hivyo, leo na kesho nina mitihani ya ukunga, na masomo yangu yote yamo kwenye kompyuta hiyo. Sithubutu kuvuruga kinachofanya kazi. Kesho jioni tutauweka pamoja, halafu utanifundisha huo mchezo. Usidhani nitakuachia ushinde.

Niombee.

Mama yako,
mwanafunzi mwenzako