Ulipoandika "Nishike"

Msomi mwenzangu, kaka yangu Gaudensi,

Shikamoo. Najua ulikuwa huitaki shikamoo yangu, unasema nakuzeesha bure, umenizidi miaka minne tu. Ipokee leo bila ubishi.

Kiti chako bado kipo pale ofisini Temeke. Mwenye nyumba alitaka kukishusha kwa wale wauza nondo wa chini, nikamwambia akiguse aone. Unakumbuka zile kelele zao za kukata vyuma? Ulikuwa unasema ofisi yetu mteja akitaka kulia alie kwa sauti, la sivyo hatutamsikia. Tulicheka wee, mpaka mteja aliyekuwa mlangoni akageuza akaondoka. Sikujua kwamba na wewe unalia, ila kimya kimya.

Barua hii wataisoma na wengine, ngoja niwaambie kazi yetu ilivyo. Wakili akipata udhuru, mwenzake anasimama mahakamani kwa niaba yake na kuomba tarehe nyingine. Sie tunaita kushikia. "Nishikie leo, msomi." Basi, imetosha. Mwaka ule wa mwisho nilikushikia mara nyingi kuliko nilivyosimama kwa kesi zangu.

Ilianza na yule mama wa Vingunguti, mjane, nyumba yake inagombewa. Ulihesabu vibaya siku za rufaa. Ikapelekwa nje ya muda, ikatupwa. Ulikwenda mwenyewe kumwambia, peke yako, ukakataa nikusindikize. Ulirudi umelegea, ukanisimulia kwamba alikutengea chai na chapati, akakuambia, "Usijali baba, ndiyo mipango ya Mungu." Wallahi bora angekutukana. Angekutukana labda ungelala.

Baada ya hapo simu zako zikawa za saa moja na nusu asubuhi. "Msomi, nishikie." Nakuuliza, niseme nini? "Sema chochote." Nikasema malaria. Hakimu akakupa pole, tarehe tukapewa. Mara ya pili malaria. Mara ya tano hakimu akatabasamu, akasema huyu Gaudensi alale kwenye chandarua. Mie huku najua uko nyumbani Chanika, umekaa ukingoni mwa kitanda, umevaa shati na tai, viatu vimekushinda kuvaa.

Uliniambia siku moja, tunakula mihogo pale nyuma ya mahakama: "Mwanaidi, kichwa changu hakizimi." Na mie na mdomo wangu huu, nikajibu nini? "Nenda Songea kwa mama ukale ugali, Mngoni we, utapona." Ukacheka ili nisione haya. Halafu ukasema, "Nani atampa kesi wakili anayeumwa kichwa?" Mteja akisikia tu, faili lake anachukua. Kwa hiyo nikaendelea na malaria. Nilidhani nakusitiri.

Asubuhi ile hukupiga. Uliandika ujumbe, neno moja: "Nishike."

Nilicheka, Gaudensi. Nisamehe, nilicheka. Nikasema huyu leo hata herufi moja imemshinda, ameiacha njiani. Nikachukua faili lako, nikaenda, nikasimama. Malaria, Mheshimiwa. Nilipotoka nikakuandikia, "Poa, nimekushikia." Ukajibu, "Asante msomi." Mchana wifi Anjela akanipigia kutoka Chanika, analia tu.

Ulijiua, kaka yangu. Naliandika neno lenyewe kwa sababu msibani hakuna aliyelitamka. Wasifu wako ulisomwa kwamba uliugua ghafla. Mzee mmoja pembeni yangu akaninong'oneza, "Malaria?" Nikaitikia kwa kichwa. Hata kaburini nilikushikia.

Sasa ni zamu yangu. Nasoma ukurasa mmoja wa faili mara saba na sijui umesema nini. Ngazi za ofisi nazipanda kwa kupumzika, kama bibi. Mama ananiletea kombe, aya zilizooshwa kwa maji, nakunywa nisimvunje moyo. Daktari wa akili naye namwona kila Jumanne, dawa nameza, na bado nikiamka ni giza lile lile. Nina hasira na wewe. Nina hasira zaidi na mie.

Jumatatu iliyopita viatu vilinishinda. Nikampigia Neema, wakili anayekaa meza yako siku hizi. Kiti chako hapewi, amekuja na chake. Nikamwambia, "Nishikie. Na usiseme malaria. Sema wakili anaumwa sonona, yuko kwenye matibabu."

Akauliza, "Dada, una uhakika?"

"Ninao."

Nilitaka neno hilo liandikwe mahakamani walau mara moja, kwa ajili yako kuliko yangu. Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda kusubiri. Neema akaja nyumbani Kawe saa sita, hanitazami usoni. "Nimeshindwa, dada. Wateja wako walikuwa wamekaa pale nyuma wananiangalia. Nikasema malaria."

Hakimu alikuwa yule yule. Akasema, "Ofisi yenu hiyo ina mbu kweli." Watu wote wakacheka.

Sikumgombeza. Ningeanzia wapi? Alinisitiri kwa mapenzi, kama nilivyokusitiri wewe. Nilimpa maji, tukakaa. Kisha nikamtolea simu, nikamwonyesha ujumbe wako, maana sijaufuta. Nikamwambia: siku nikikuandikia hivi, sijakosea herufi. Faili liache palepale lilipo, kesi na ife. Uje Kawe. Uje unishike mkono tu, hata kama huna la kusema.

Akausoma, akausoma tena. Halafu akasema, "Sawa, dada."

Sijui kama amenielewa. Na mie nilikujibu "poa".

Mungu akupumzishe, kaka. Huko natumaini kichwa kimezima.

Msomi mwenzako,
aliyekushikia